Nevaeh ni jina la kishetani? Lilikotoka, maana yake na kwanini lilivuma vile

Kuna dada wa Morogoro kaniletea swali refu, nalifupisha ili wote twende sawa. Ana mimba ya miezi saba, kaambiwa mtoto ni wa kike, na mumewe, ambaye ni Mkatoliki, kalikuta mtandaoni jina Nevaeh akaling'ang'ania hataki kusikia lingine. Mama mkwe ni mtu wa maombi, kaambiwa na mtu kwamba jina hilo ni lile neno la Kiingereza la mbingu limeandikwa kinyumenyume, akasema cha Mungu ukikigeuza kinakuwa cha yule mwingine na mjukuu wake hataitwa hivo. Sasa dada anauliza vitu vinne kwa mpigo: jina limetoka wapi, lina maana gani hasa, ni maarufu kiasi gani, na je ampe mtoto au aachane nalo.

Dada yangu, hongera kwanza kwa safari ulofika, Mungu akusimamie umalizie salama. Nikutoe wasiwasi mapema, shetani hayumo kwenye hii stori. Yani ukifuatilia jina lilivyoingia kwa watu unakuta limepitia kwa walokole, tena walokole wa gitaa na ngoma.

Iko hivi. Neno la Kiingereza la mbingu ni heaven, herufi sita. Ukizisoma kuanzia mwisho kuja mwanzo unapata n-e-v-a-e-h, ndo jina lenyewe hilo, hakuna kingine kilichojificha nyuma yake. Marekani lilikuwepo chinichini miaka ya 90 kwa watoto wa kuhesabika, hakuna mtu alokuwa analijua. Alafu mwaka 2000 kuna kipindi cha tivii cha MTV kilikuwa kinazunguka kwenye majumba ya mastaa kuonyesha wanavoishi, siku moja akatokea jamaa anaitwa Sonny Sandoval, mwimbaji wa bendi ya P.O.D. ya San Diego kule California. Hao jamaa ni Wakristo waziwazi na hawajawahi kuficha, wanapiga muziki mzito wa rock na imani yao imo humohumo kwenye mashairi. Sonny akatokea na binti yake mchanga, akamtaja jina, akaeleza kwamba ni heaven ukiiandika kuanzia nyuma. Basi. Sekunde chache za tivii, zikatosha.

Sasa uangalie namba, maana hapa ndo pananifurahisha sana kwenye kazi hii ya majina. Marekani wana idara yao ya hifadhi ya jamii, mtoto akizaliwa anaombewa namba huko, na kutokana na zile namba kila mwaka wanatoa listi ya majina yaliyopewa watoto, listi zao zinarudi nyuma mpaka waliozaliwa 1880. Kwa hiyo wenzetu wanaweza kuona jina linavozaliwa karibu mwaka kwa mwaka, raha sana. Mwaka 1999 watoto wa kike walioandikwa Nevaeh nchi nzima walikuwa 8. Wanane tu, nchi yenye watu karibu milioni 280. Mwaka 2000, mwaka wa kile kipindi, wakawa 86. Mwaka 2001 wakawa 1,191, jina likaingia kwenye majina elfu moja ya juu kwa mara ya kwanza likatua moja kwa moja namba 266, yani halikuanzia mkiani kama majina mengine yanavopanda mdogomdogo, likatokea katikati ya msafara. 2005 wakazaliwa 4,457 na likawa la 70, limeshayapita majina ya watu wazima kama Sara na Vanessa na Amanda. 2010 likafika namba 25, hapo ndo kileleni kwake, watoto zaidi ya elfu sita kwa mwaka mmoja.

Na kumbuka hao ni wa spelingi moja tu. Kuna wazazi walikosea kugeuza wakaandika Neveah, herufi a na e zimepishana, na hiyo nayo wakaipata wengi kiasi cha kuingia kwenye elfu moja za juu kama jina linalojitegemea. Ukiigeuza hiyo unapata haeven, ambayo si neno la lugha yoyote ninayoijua, lakini mtoto keshaandikishwa na keshazoea, utamwambia nini.

Tangu kile kilele limekuwa likishuka. Hili nataka mumeo alisikie vizuri kwa sababu watu wengi huku wanaliona kama jina jipya kabisa la kizazi cha sasa, kumbe kule walikolitoa wale Nevaeh wa kwanza kwanza ni wadada wakubwa sasahivi, wapo vyuoni, wapo makazini, wengine wanahangaika na majina ya watoto wao wenyewe. Majina ya kuvuma ndo yalivyo, yanakuwa na umri. Ukimsikia Mmarekani anaitwa Debra unajua huyo ni bibi wa miaka ya 50, na Nevaeh siku moja litasikika hivohivo kule, jina la miaka ya 2000. Huku kwetu limekuja kwa kuchelewa, kupitia intaneti na kwa ndugu walioko majuu, ndo maana linaonekana fresh. Unalikuta mjini zaidi, kwenye shule za inglishi midiamu, ukienda vijijini wanakuangalia tu.

Kwanini lilivuma hivo? Sonny Sandoval alikuwa staa, sawa, mwaka 2001 bendi yake ilitoa albamu ikauza mamilioni, kwa hiyo vijana wengi walikuwa wanamfuatilia. Lakini mastaa wanawapa watoto wao majina kila siku na mengi yanafia hapohapo. Mimi naona hili lilikuwa na vitu vitatu vilivyokutana. Kwanza linasikika kama majina yaliyokuwa yanapendwa wakati ule, lina v katikati na a mwishoni, liko jirani na Ava na Eva na Olivia, mtu hashtuki akilisikia. Pili lina dini ndani yake bila kupiga kelele, mzazi mlokole anaona kamwekea mwanae mbingu kwenye jina na mzazi asiyejali dini anaona ni jina zuri tu la kike. Tatu, na hii ndo kubwa, lina stori ya kusimulia. Mtu akikuuliza mtoto anaitwa nani, ukajibu, anauliza maana yake nini, unamwambia geuza herufi, anageuza, anashangaa, anaondoka nayo anaenda kumwambia mwenzie. Jina linajitangaza lenyewe. Na lilishika kila upande, weupe, weusi, Walatino, makanisa ya kilokole ndo usiseme. Hata neno lenyewe Heaven ni jina la watoto kule na liliingia kwenye elfu moja za juu mwaka 1990, miaka kumi na moja kabla, lakini Nevaeh ilipokuja ilimwacha mama yake mbali.

Sasa tuje kwenye maana, maana hapa ndo ugomvi wa nyumbani kwenu ulipo na ndo pagumu kidogo kuliko watu wanavodhani.

Ukiuliza Nevaeh maana yake nini, jibu la haraka la mtandaoni ni mbingu. Mi nasema si kweli sana. Neno heaven maana yake mbingu, Nevaeh ni zile herufi zimepangwa kinyume, na maana yake iko kwenye karatasi tu. Masikioni haipo. Mmarekani mwenyewe ukimtamkia nevéya bila kumwambia stori hasikii mbingu hata kidogo, kwa sababu sauti za heaven ukizigeuza hazitoi nevéya, zinatoa kitu kama nevehi hivi. Ni jina la macho. Lazima ulione limeandikwa, tena uwe unakijua Kiingereza, tena uwe umeshtuliwa. Sasa mlete bibi yake Morogoro, Kiingereza hana, analisikia tu likiitwa uani, kwake hilo jina ni sauti tupu. Nzuri, laini, ila tupu.

Na sisi tunayo hii michezo ya kugeuza maneno toka zamani sana, hatujaiona kwa MTV. Watu wa Unguja tangu karne ya 19 wana kinyume, lugha ya mafumbo ambapo unachukua silabi ya mwisho unaiweka mbele, nyumba inakuwa mbanyu, ukikaa na watu wawili wanaoijua vizuri wanaweza kukusema mbele yako na wewe unatabasamu. Tofauti ni kwamba sisi tunageuza kwa sikio, silabi kwa silabi, wao wamegeuza kwa jicho, herufi kwa herufi. Ukiigeuza mbingu kwa kinyume chetu unapata ngumbi, na hapo sikushauri, ukivuka mpaka ukaingia Malawi ngumbi ni kumbikumbi, watamkaanga na chumvi. Ukijaribu peponi ndo balaa zaidi, silabi ya mwisho ikija mbele inakuwa nipepo. Hebu fikiria mama mkwe anamuuliza mjukuu unaitwa nani mwanangu, anajibiwa nipepo. Siku hiyohiyo mnaitiwa wachungaji!

Hapo mnaona pia kwanini naenda taratibu na mama mkwe, simcheki. Kwenye Kiswahili chetu neno pepo lenyewe ni la huko juu kwa watu wema na ni la yule anayekemewa kwenye maombi, inategemea umeliweka wapi kwenye sentensi. Mtu aliyekulia kwenye lugha hiyo akiambiwa neno la mbinguni limepinduliwa, lazima nywele zimsimame. Na hofu yenyewe si ya kwake peke yake. Miaka ya 80 huko huko Marekani makanisa mengi yaliingia kwenye taharuki kubwa kwamba sahani za muziki wa rock ukizicheza kuanzia nyuma unasikia maneno ya kumsifu shetani, ikafika mpaka kwa wabunge wa California, mwaka 1982 wakakaa kikao wanasikiliza sahani zikichezwa kinyumenyume. Maneno haya ya kwamba kugeuza ni uchawi yakasambaa dunia nzima kwa kaseti na vijitabu, mengine yakatufikia. Kwa hiyo naamini kabisa mama kayasikia kwa watu anaowaheshimu.

Ila ukitaka kuongea nae kwa upole, tena kwa Biblia yake mwenyewe mkononi, mwambie afungue Yeremia 25:26. Kuna mfalme pale anaitwa mfalme wa Sheshaki, na hapo Sheshaki ndo Babeli. Nabii kacheza na alfabeti, herufi ya kwanza ya Kiebrania imebadilishwa na ya mwisho, ya pili na ya pili kutoka mwisho, hivohivo mpaka zinakutana katikati, kwa hiyo b inakuwa sh na l inakuwa k, Babeli inatoka Sheshaki. Ukienda 51:41 unaikuta tena, na humo Sheshaki na Babeli zimewekwa kwenye mstari mmoja, hata hahitaji kukuamini wewe. Kama kugeuzageuza herufi ni ibada ya shetani basi tuna tatizo na Yeremia.

Nyingine nzuri ni Amina. Hilo neno kanisani linasemwa kila dakika, na ni jina la maelfu ya dada zetu Waislamu, na mama yake Mtume Muhammad aliitwa hivo. Liandike kinyume, a-n-i-m-a, anima, Kilatini hicho na maana yake ni roho. Roho ya mtu, nafsi yake, ndo neno lililotumiwa na mababa wa kanisa vitabuni kwao. Na Anna ukimgeuza anabaki Anna. Herufi hazina dini jamani, zinakaa pale unapoziweka.

Na kwa vile umesema mume ni Mkatoliki, usije ukakutana na mtu akakutisha kwamba padre atakataa kumbatiza mtoto. Sheria za kanisa za mwaka 1917 zilikuwa zinambana padre ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo, na wazazi wakikataa anaongeza la mtakatifu anaandika yote mawili kitabuni. Sheria mpya ya 1983, kanuni ya 855, inasema tu wazazi na wasimamizi na paroko waangalie jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Jina linalotoka kwenye neno mbingu, lililosambazwa na Mkristo, utalipinga kwa lipi hapo? Padre anaweza kukushauri uongeze la mtakatifu, wengi huku wanapenda hivo na wala si jambo baya, tutalirudia.

Tahadhari moja ya haraka kuhusu zile tovuti za majina ya watoto. Utakuta wanakwambia Nevaeh ni la Kiebrania au wanalipa maana tatu nne za kupendeza, hizo tovuti zinaishi kwa matangazo na jina lisilo na asili ya kale haliuziki. Kiebrania kina neno neve lenye maana ya makazi, hata Tel Aviv kuna mtaa wa zamani unaitwa Neve Tzedek uliojengwa tangu 1887, makazi ya haki, lakini huo ni mfanano wa sauti tu, hauna undugu na jina hili. Kirusi wana mto Neva pale Saint Petersburg, nao hauhusiki. Mtu akikwambia jina hili ni la miaka elfu mbili, mpe maji ya kunywa mwendelee na mengine.

Alafu kuna wale watakaokwambia usimpe mtoto jina la kutungwa. Hii hoja huwa inanichekesha kidogo maana majina yote yalitungwa na mtu fulani siku fulani, mengine tumesahau tu aliyetunga. Vanessa, wangapi mnawajua? Hilo lilitengenezwa na mwandishi wa Ireland, Jonathan Swift, karne ya 18, alikuwa na rafiki yake wa kike anaitwa Esther Vanhomrigh akachukua Van ya ukoo na akachanganya na kifupi cha Esther. Kabla ya hapo hapakuwa na Vanessa duniani, leo ukitupa jiwe Dar linampata mmoja. Oprah nae, wazazi walitaka Orpa wa kwenye kitabu cha Ruthu, watu wakawa wanakosea kulitamka, kosa ndo likawa jina, na alipofungua kampuni yake akaligeuza akaiita Harpo. Kwa hiyo jina kuwa jipya hilo sio kosa. Swali la maana ni kama mtoto ataweza kuishi nalo hapa atakapoishi.

Na hapo ndo nina ya kusema zaidi kuliko kwenye mashetani.

Kutamka hakuna shida, kwa bahati nzuri. Wenyewe wanalitamka nevéya, mkazo katikati, na Kiswahili kinapenda mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kwa hiyo bibi atalitamka vizuri kuliko hata anavyotamka Stephanie. Tatizo ni jirani yake kwenye sauti. Mtoto akifika darasa la kwanza, wenzie watachukua sekunde mbili kufika kwenye Nivea, mafuta ya kupaka. Hiyo haikwepeki, jiandae nayo. Cha kuchekesha Nivea yenyewe ni neno la heshima tu la Kilatini, maana yake nyeupe kama theluji, Wajerumani waliiweka kwenye kopo la krimu mwaka 1911, na Marekani kuna mwimbaji wa kike kabisa aliitwa Nivea na akavuma miaka ileile ya mwanzoni mwa 2000. Lakini mtoto wa darasa la kwanza hatasikiliza hayo yote, yeye anaimbiwa tangazo la lotion mpaka mapumziko yaishe. Watoto wengi wanapita kwenye utani wa majina bila kidonda, mi sioni kama ni sababu ya kuliacha, nakwambia tu usije ukashangaa.

Kubwa ni spelingi. Jina ambalo maana yake yote iko kwenye mpangilio wa herufi, likiandikwa vibaya maana imekwisha. Na huku litaandikwa vibaya, hilo nakuhakikishia bila kupiga ramli. Wewe utatamka Neveya kule hospitali, nesi yuko na foleni, ataandika anavosikia, Nevea, Neveya, Neviya, Nivea. Ile h ya mwisho haitamkwi kwa hiyo hakuna atakayeiwazia. Kwenye mikoa yenye ule utaratibu wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, cheti kinaandikwa kwa mkono palepale, na mkono wa mtu ni mkono wa mtu. Baadae kadi ya kliniki inasema hivi, cheti cha kuzaliwa kinasema vile, shule wameandika ya tatu, na siku anataka kujaza fomu za mtihani wa taifa au NIDA ndo mnaanza kukimbizana na viapo vya mwanasheria kwamba hawa watatu ni mtu mmoja. Nimeziona kesi za hivi nyingi kwa majina ya kawaida kabisa, sasa hili.

Dawa yake ni ndogo. Usilitamke, liandike. Kabla hujaenda kujifungua liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, N-E-V-A-E-H, na la baba na la ukoo, uliweke ndani ya kadi ya kliniki, na mumeo awe nayo nyingine. Tangazo la kizazi likitolewa lisome herufi kwa herufi kabla hujaondoka pale, maana ndo linalobebwa kwenda kuombea cheti RITA, kosa likianzia pale linasafiri. Muda wa kawaida wa kusajili ni ndani ya siku 90, usisubiri mpaka anaanza shule.

Sasa umeniuliza nishauri, ntashauri ila ni maoni yangu, ya familia ni ya kwenu. Mi binafsi jina hili silihusudu. Sio kwa dini, ni kwa sababu naona mnabeba jina ambalo utamu wake unahitaji maelezo, na maelezo yenyewe ni ya lugha ya watu wengine. Kama kinachompendeza mumeo ni sauti, basi hana kesi, sauti ni nzuri, apewe. Kama kinachompendeza ni maana ya mbingu, hayo majina yapo, tena yanasikika bila kugeuzwa. Selestina hilo hapo, linatoka Kilatini caelestis, wa mbinguni, mabibi wa Kichagga na Wangoni wanalo miaka nenda rudi, na kuna mapapa watano walioitwa Celestine, yule wa tano akajiuzulu mwenyewe mwaka 1294 na bado kanisa likamtangaza mtakatifu. Kifupi chake mjini ni Tina au Sele, anachagua mwenyewe akikua. Waislamu kwenye hili ndo wametuzidi mbali, wana bustani nzima ya majina ya peponi, Firdausi ambayo ndo ya juu kabisa, Kauthar ambao ni mto uliotajwa kwenye sura ya 108, Salsabil na Tasnim ambazo ni chemchemi za huko, kila moja zuri kuliko lingine. Nayataja kwa sababu marafiki zako watasoma hapa na wengine ndo wanatafuta.

Na kama mumeo hashuki kabisa kwenye msimamo wake, na mama mkwe nae hashuki, fanyeni walivyofanya Waswahili wa pwani toka enzi, mtoto anapata jina la utotoni kwanza na la ukubwani baadae, kila upande unaita lake na mtoto anaitika yote. Kwenye cheti mnaweza kuandika Nevaeh Selestina, baba kapata la kwake, padre kapata mtakatifu, na bibi akimbeba uani anamwita Sele. Kitu nachokuomba tu ni mkubaliane kabla hajazaliwa, wewe na mumeo kwanza mkiwa wawili, alafu mumeo ndo aende kwa mama yake kuongea nae, yeye, sio wewe. Hiyo Yeremia 25:26 mpe yeye aende nayo.

Mkishamaliza niandikie mmeamua lipi, na kama mtoto ametokea wa kiume, maana hizo altrasaundi nazo zina siku zake, tutaanza upya.